Kitendawili na Mji Wake: Usimulizi katika Vionjo vya Filamu za Kutisha

Kabla ya filamu kuanza katika jumba la senema, watazamaji huonyeshwa vipande vifupi vya filamu nyingine zitakazokuja. Vipande hivyo wengi wetu huviita trela. Neno hilo lina mzaha ndani yake. Trela tulijualo barabarani hukokotwa nyuma ya lori, na matangazo haya nayo hapo kale yalifuata nyuma ya filamu, ndipo yakapata jina lake. Lakini mtu akishaona mwisho wa picha huinuka akaenda zake, wala hangoji tangazo. Basi trela likahamishwa likawekwa mbele ya lori, na huko limebaki hata leo. Katika makala haya nitalitumia neno kionjo, kwa sababu lataja kazi ya kitu chenyewe, nayo ni kuonjesha.

Wahakiki wa fasihi hawajavitazama vionjo kwa jicho la heshima. Husema kwamba ni biashara; kwamba aghalabu hukatwa na kuungwa na mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo, wala si na mwongozaji wa filamu; na kwamba kitu cha dakika mbili na nusu hakiwezi kubeba uzito wa hadithi. Hoja hizi si za kupuuzwa, lakini hazitoshi. Utungo haukosi kuwa utungo kwa sababu mtungaji alilipwa, wala methali haikosi maana kwa sababu ni fupi. Kionjo kina msimulizi na msimuliwa. Kina mpango wa wakati. Kina jambo linalofunuliwa na jambo linalofichwa. Kitu chenye hayo ni simulizi, na simulizi hupimwa kwa mizani ya simulizi. Nataka kuitumia mizani hiyo kwa vionjo vya filamu za kutisha, maana kazi yao ni ngumu kuliko ya vingine: vyatakiwa kumtisha mtu kwa kitu ambacho havithubutu kukionyesha chote.

Lalamiko lisikikalo mara nyingi juu ya vionjo ni kwamba vyaeleza mno. Mtu hutoka akisema kwamba hana haja tena ya kulipa kiingilio, kwa kuwa filamu yote ameshaiona. Neno hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inishughulishayo. Nasema kwamba kionjo hakiiharibu filamu kwa kueleza matukio. Huiharibu kwa kulijibu swali ambalo filamu yenyewe imekusudia kulijibu, au kwa kuuliza swali ambalo filamu haina jibu lake.

Kwetu sisi tusemao Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni. Tumekua na mchezo wa vitendawili. Mtegaji husema neno lake. Wenziwe hujaribu kulitegua, hukosea, hujaribu tena. Wakishindwa, hudai apewe mji. Hupewa mji mmoja akaukataa, hupewa mwingine, mpaka upatikane mji umpendezao. Ndipo atoapo jibu. Angalia jinsi mchezo huu ulivyopangwa. Mtegaji amesema yote yahitajiwayo ili jibu lipatikane, tena ameyasema hadharani. Alichokizuia ni kiungo kimoja tu, kile kiyafungacho maneno yake pamoja. Kionjo cha filamu ya kutisha ni kitendawili cha namna hiyo. Filamu ndiyo jibu, na kiingilio kilipwacho mlangoni ndio mji.

Nadharia ya usimulizi yatusaidia kuliona jambo hili kwa uwazi zaidi. Wananadharia wa Urusi wa miaka ya 1920 walitufundisha kutenganisha kisa na msuko. Kisa ni matukio kwa utaratibu wa kutokea kwake; msuko ni utaratibu ambao msimulizi huyatoa. Roland Barthes wa Ufaransa, katika kitabu chake S/Z cha mwaka 1970, alionyesha kwamba ndani ya msuko hupita uzi wa fumbo. Swali hutegwa, jibu hucheleweshwa, hutolewa nusu yake, hutiwa chambo cha kupotosha, na mwishowe hufunuliwa. Hadithi kamili huufuata uzi huo hata ncha yake. Kionjo huukata kabla ya ufunuo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kukiita kionjo muhtasari wa hadithi, maana muhtasari una mwisho.

Mfano wangu wa kwanza ni kionjo cha Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock iliyotoka mwaka 1960. Kionjo hiki ni kirefu kupita kawaida, zaidi ya dakika sita, na karibu muda wote hatumwoni ila Hitchcock mwenyewe akitutembeza mahali pa tukio, mpole na mchangamfu kama dalali anayeonyesha nyumba ya kupangisha. Atuonyesha hoteli ndogo ya kando ya barabara, kisha nyumba ya kale iliyo juu yake kilimani. Kwenye ngazi atuambia pasipo kificho kwamba hapo ndipo yalipotendeka mauaji ya pili. Amtaja kijana wa nyumba hiyo na kutaka tumhurumie, kwa kuwa alitawaliwa na mwanamke aliyekaribia wazimu. Asimama mbele ya picha iliyotundikwa ukutani, aanza kueleza kwa nini picha hiyo ina maana kubwa, kisha aikata sentensi yake katikati na kuendelea na matembezi. Mwisho aingia bafuni, ashika pazia na kulivuta kwa ghafla. Uso wa mwanamke watokea, ukelele wapigwa, na jina la filamu lajaa kiwambo. Mwanamke yule ni Vera Miles aliyevaa nywele za bandia. Katika filamu yenyewe aliyecheza tukio la bafuni ni Janet Leigh.

Na tuhesabu aliyotuambia mwenyeji wetu. Ametaja mahali, ametaja kwamba mauaji ni zaidi ya moja, ametaja chumba na ngazi yalikotendeka. Kwa lalamiko la watu, huyu amekwisha kuiharibu filamu yake. Lakini na tuhesabu pia aliyoyanyamazia. Hakusema neno juu ya dola 40,000 zilizoibwa, wala juu ya safari ya mwizi wake, ijapokuwa mambo hayo ndiyo yajazayo sehemu yote ya kwanza ya filamu. Hakusema ni nani muuaji. Tena katika kumtaja yule mwanamke alitutilia chambo, na atakayeitazama filamu hata mwisho atajua ni chambo cha namna gani. Jibu lenyewe silitaji hapa, maana msomaji asiyeiona picha hiyo hajanipa mji.

Kuna ufundi mwingine uliofichika katika wakati wa kitenzi. Gérard Genette, katika utafiti wake juu ya usimulizi uliotoka mwaka 1972, alipambanua kurudi nyuma katika hadithi na kutangulia mbele. Kwa mtazamaji wa kionjo, filamu iko mbele, hajaiona bado. Hitchcock aisimulia kwa wakati uliopita, kama kwamba polisi wameshaondoka na damu imeshaoshwa. Yatakayokuja yatolewa kwa sauti ya yaliyokwisha. Hofu ya kionjo hiki yatoka hapo: jambo limekwisha kutendeka, haliwezi kuzuiwa, nawe ndiwe uliyebaki kulifikia.

Hitchcock alijua alitendalo. Katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanazungumza maneno ya kawaida, mara bomu lalipuka: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15. Lakini watazamaji wakiwa wamelijua bomu tangu mwanzo, mazungumzo yale yale ya kawaida yatawatia taharuki kwa dakika 15. Basi kumwambia mtu mapema si kumnyang'anya hofu. Mara nyingi ndiko kumpa.

Mfano wa pili watuonyesha ni nini hasa kinachopaswa kuambiwa mapema. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliotoka mwaka 1928, alihesabu kazi 31 ambazo wahusika huzitenda. Ya pili katika hesabu yake ni katazo, na ya tatu ni kulivunja katazo. Msomaji aliyelelewa kwa ngano hahitaji maelezo: mtu apewa funguo za vyumba saba, aambiwa sita afungue na cha saba asikiguse. Mara tu asikiapo hivyo, msikilizaji hakitazami tena chumba cha kwanza wala cha pili. Roho yake imekwisha kusimama mbele ya mlango wa saba.

Vionjo vya A Quiet Place, filamu ya John Krasinski ya mwaka 2018, vimejengwa karibu vyote juu ya kazi hizo mbili. Familia yatembea peku juu ya mchanga uliomwagwa njiani. Wazungumza kwa ishara za mikono. Katazo twalielewa kabla halijatamkwa: usitoe sauti. Kisha kitu kimoja chaanguka, na nyuso zote zageuka. Hatujaambiwa viumbe viwindavyo watu hao vilitoka wapi, wala hatuulizi. Swali lililotegwa ni moja, nalo latosha: mtu ataishije bila sauti, na itakuwaje siku atakaposhindwa? Matukio kadhaa ya filamu yameonyeshwa, lakini swali limeachwa zima, na mtazamaji ajikuta akizuia pumzi yake mwenyewe kana kwamba katazo lile lamhusu naye.

Hapa yafaa tumkumbuke Aristotle. Katika kitabu chake cha Ushairi alisema kwamba hofu iliyo bora hutoka katika mpango wa matukio, hata mtu asikiaye hadithi bila kuona kitu atetemeke. Na hofu itokayo katika maonyesho ya macho peke yake aliiweka chini. Vionjo vingi vya kutisha vyahukumiwa na neno hilo. Kimya chawekwa, kisha mshindo mkubwa, kisha uso wa kutisha kwa nukta moja. Mtu huruka kitini, lakini huruka vivyo hivyo mlango ukibamizwa na upepo. Hakuna swali lililotegwa, na pasipo swali mtegaji hawezi kudai mji.

Mtu aweza kunipinga kwa kionjo cha The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980. Humo mna maonyesho matupu. Kamera imesimama pasipo kusogea mbele ya milango ya lifti katika ukumbi wa hoteli. Majina ya wahusika wa kazi yapanda polepole. Kisha damu yaanza kububujika kando ya mlango, yawa mto, yabeba viti, yaifunika kamera yenyewe. Hapana mtu, hapana neno, hapana tukio la pili. Je, Aristotle ameshindwa? Sidhani. Kubrick ameunyoosha wakati hata jicho letu likakosa pa kwenda, na katika ule urefu maswali yaanza kuzaliwa yenyewe: damu hii ni ya nani, na nyumba hii imeihifadhi tangu lini? Mpango wa matukio haumo katika picha, twaufanya sisi. Tena swali hilo ndilo la filamu yenyewe, ambayo yahusu nyumba isiyoweza kuyazuia yaliyopita ndani yake. Kitendawili cha neno moja nacho ni kitendawili, madhali jibu lake ladumu kuwa lake.

Kinyume chake twakiona katika It Comes at Night, filamu ya Trey Edward Shults ya mwaka 2017. Jina lasema kwamba kuna kitu kinachokuja usiku. Kionjo chaonyesha nyumba msituni, mlango mwekundu, mbwa abwekaye kuelekea gizani. Mtazamaji aulizwa: ni nini kilicho nje? Filamu, kwa upande wake, ni hadithi ya familia mbili zilizojifungia kwa hofu ya maradhi, na swali lake ni jingine kabisa: mtu aliyeogopa amwamini nani? Wahakiki wengi waliisifu, na kwa maoni yangu walistahili kuisifu. Lakini CinemaScore, kampuni ihojiyo watazamaji wa Marekani watokapo kuona picha mpya, ilipata kwao daraja la D. Sioni kwamba watazamaji wale walikuwa wajinga. Walitegewa kitendawili, wakatoa mji, wakapewa jibu la kitendawili kingine. Kosa hilo ni kubwa kuliko la kueleza mno. Anayeeleza mno amepunguza raha ya mtu. Anayetega neno lisilo na jibu ameivunja ahadi, na siku ya pili atakaposema kitendawili, hapatakuwa na wa kumwambia tega.

Nimeacha kwa makusudi mfano ulio karibu nasi zaidi. Get Out, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2017, yamhusu kijana mweusi aitwaye Chris aendaye kuwatembelea wazazi wa mchumba wake mweupe. Mchezaji wake ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi waliotoka Uganda. Kionjo cha filamu hii chaonyesha mengi: kijiko kikizungushwa katika kikombe cha chai, kijana akizama katika giza lisilo na sakafu, na mtu katika karamu akimrukia na kumpigia kelele aondoke. Lalamiko la kueleza mno lingeweza kuelekezwa kwake. Walakini na tutazame mwanzo wa filamu yenyewe. Majina yakipita, husikika wimbo wa Michael Abels uitwao Sikiliza kwa Wahenga, nao umeimbwa kwa Kiswahili. Maneno yake ni onyo la wazee kwa Chris: hatari yaja, akimbie. Peele alitaka sauti za wahenga zimtangulie kijana huyo, naye Chris hazisikii.

Watazamaji wengi wa Marekani na Ulaya hawakuyaelewa maneno hayo. Kwao wimbo ulikuwa mnong'ono wenye kutia baridi, na basi. Lakini mtu ajuaye Kiswahili, akitega sikio vyema, ameambiwa mapema kwamba nyumba iendewayo ni mtego. Je, ameharibiwa filamu? Kama lalamiko la kawaida lingekuwa kweli tupu, sisi tungekuwa watu wasio na bahati kuliko watazamaji wote. Naona ni kinyume. Sisi ndio tulioonyeshwa bomu chini ya meza. Mama mkwe atabasamu, baba mkwe akaribisha mgeni kwa maneno ya asali, na mwingine atazamaye ajiuliza kama mna jambo. Sisi twajua kwamba limo, na kila tabasamu latukata. Tena tumepewa uchungu mwingine wa ziada: tumesikia onyo kwa lugha yetu, na aliyelengwa na onyo hilo halijui. Kuelewa kumetuweka upande wa wahenga, ambao waona na hawawezi kumshika mtu mkono.

Huo ndio ushahidi wangu mkubwa. Wimbo ule wafanya kazi ya kionjo ndani ya filamu. Wataja hatari, wanyamazia namna yake. Ni nani mwenye mtego, ni wa nini, na kijana atatokaje: maswali hayo wimbo hauyagusi. Ujuzi wa tukio na fumbo la tukio vyaweza kukaa nyumba moja pasipo kugombana.

Genette huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 ambacho jina lake lina maana ya vizingiti, aliyaita majina ya vitabu, dibaji na matangazo kuwa kizingiti cha kazi: si nje, si ndani. Kizingiti kwa kawaida hukaa kimya na nyumba ikabaki vile ilivyo. Lakini kionjo cha filamu ya pili ya kutisha ya Peele, Us, kilichotolewa siku ya Krismasi mwaka 2018, kilionyesha kwamba kizingiti chaweza kuibadili nyumba. Humo Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, yumo garini pamoja na mumewe na watoto, na wimbo wa zamani wa kundi la Luniz wachezwa kwa furaha. Baadaye, usiku, watu wanne wasimama nje ya nyumba yao, na mtoto atambua kwamba watu hao ni wao wenyewe. Wimbo ule ule warudi, umepunguzwa mwendo, umevikwa vinanda vya nyuzi, na furaha yake imegeuka kuwa kitisho. Watu waliupokea kwa namna ambayo mwangwi wa kionjo uliingia ndani ya filamu yenyewe, katika pambano lake la mwisho. Mtegaji, alipoona jinsi wenziwe walivyolishika neno lake, alilitia neno hilo katika jibu.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa jibu ndilo lililindwalo, mbona vitendawili vilivyojulikana hurudiwa, na Psycho hutazamwa tena na watu wajuao mwisho wake? Ni kweli. Watoto hutega kila jioni vitendawili ambavyo wote wameshavisikia. Lakini kila mmoja wao palikuwa na siku alishindwa, akafikiri, akatoa mji wake, akalipokea jibu kwa mshangao. Raha ya kurudia imesimama juu ya siku hiyo. Kionjo kitoacho jibu chamnyang'anya mtazamaji siku ya kushindwa kwake, na siku hiyo hairudi.

Kwa hiyo mhakiki wa vionjo asianze kwa kuhesabu matukio yaliyoonyeshwa. Na aulize kwanza: ni swali gani lililotegwa hapa? Kisha aulize kama kionjo kimelijibu chenyewe. Mwisho, baada ya kuiona filamu, aulize kama jibu alilopewa ni la swali lile lile alilolipia. Kitendawili, mtegaji akishapokea mji, ni deni.